Mgongo Wazi Imefika

Nimestaafu kazi ya mbwa. Nina miaka ishirini na tisa, meno yangu yote ninayo, na mtoto wa miezi saba amelala mgongoni kwangu ninapoandika haya, kwa hiyo mkiona sentensi imekatika njiani mjue ameamka. Majirani zetu wa nyumba za polisi hapa Nsambya wakinisikia nikisema "nimestaafu" wanacheka, wanasema kustaafu ni kwa wazee wenye pensheni kama Baba. Sawa. Lakini banda limefungwa, bosi sasa anauza kamera za ulinzi, na mimi kwenye kazi ile sirudi tena. Kama huko si kustaafu, nipeni neno lenu.

Nawaandikia nyinyi mlioingia kazi hii juzi, kwenye mabanda ya mbwa wa ulinzi na kliniki za wanyama za Kampala. Sitawaambia nililipwa nini wala nilipanda cheo gani. Hakukuwa na cheo. Kulikuwa na mimi na mbwa, na nani alikuwa juu ya nani ilitegemea siku. Nimeshika kalamu kwa sababu mmoja wenu alinitumia picha ya mtoto wa mbwa mwenye kitundu shingoni, kishungi cha nywele kimechungulia nje, akaniuliza kama apake oili chafu ya gari. Nilikuwa nanyonyesha. Hasira niliyopata ingeweza kugandisha maziwa. Oili chafu haiponyeshi upele, haiponyeshi kitundu, haiponyeshi chochote isipokuwa gari, na hata gari limeshaikataa.

Basi nianze mwanzo.

Niliingia kazini nilipomaliza Senior Four, yaani kidato cha nne, na kilichonipa kazi si cheti, ni Kiswahili. Bwana Kimani, Mkenya mwenye banda, alikuwa na mbwa waliofunzwa na askari mmoja mstaafu, na mbwa hao walielewa Kiswahili tu: kaa, lala, shika, wacha. Wafanyakazi walionitangulia walisema nao Kiganda na Kiingereza, na mbwa waliwaangalia kama watalii. Mimi nimezaliwa kambi ya polisi. Baba ni Mlango, Mkatoliki, alikuwa polisi wa trafiki. Mlango ni mtu wa kabila la Lango huko kaskazini, si mlango wa nyumba, ingawa Baba akisimama mlangoni hupiti. Mama ni Mnubi, Mwislamu, swala zake zote kwa wakati. Lugha waliyokutania ni Kiswahili na ndicho walichotulelea. Basi siku ile ya kwanza nilimwambia dume kubwa "wacha," na likaacha. Liliacha suruali ya Kimani, upande wa nyuma. Niliajiriwa kabla hajageuka.

Banda lilikuwa kilimani juu ya Ggaba, na chakula cha mbwa kilikuwa posho, yaani ugali, na mgongo wazi. Kwa asiyejua: samaki mkubwa wa ziwani akishatolewa minofu, minofu inakwenda kwa wenye hela, na kinachobaki ni kichwa, mfupa, mkia na nyama iliyojificha katikati. Pale Ggaba kitu hicho kinaitwa mgongo wazi. Mbwa wanakula, na watu tunakula vilevile. Mama huikaanga, akaitia kwenye mchuzi wa karanga, na hutakumbuka kuuliza minofu ilikwenda wapi. Kila Ijumaa nilimtumia ya kwake kwa boda, ikiwa kwenye boksi.

Mpishi wa mbwa alikuwa Okello, mtu aliyewahi kupikia jeshi. Kwake kila neno lilikuwa amri, na amri haina mfukoni mwake kitu kingine zaidi ya maneno yaliyotamkwa. Siku moja nilimwambia aangalie maji ya posho. Niliporudi maji yalikuwa yamekauka na yeye amesimama pale pale anayaangalia. Nilipolalamika aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama nilikuwa nimesema ayafanye kitu chochote.

Mwalimu wangu alikuwa Dokta Ssalongo, daktari wa wanyama mwenye kliniki Kalerwe, nyuma ya wauza nyanya. Ssalongo ni heshima ya baba wa mapacha, na mapacha wake walikuwa wamemfundisha uvumilivu ambao mbwa hawakuweza kuumaliza. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala halisi. Kwenye vitabu mtu ni "a", mti ni "u", kiti ni "ki". Kwa Dokta kila kilichoumbwa kilikuwa "i". Mbwa imelala, mke yangu imekasirika, mvua imekuja, waziri imepita na ving'ora. Nilimzoea mpaka na mimi nikawa nasema hivyo hivyo kazini, na Okello vilevile. Wekeni hilo akilini, litarudi.

Dokta ndiye aliyenifundisha kutafuta uzi. Mtoto wa mbwa akiwa bado tumboni, ngozi ya mgongoni na uti wa mgongo huanza vikiwa vimeshikana, kisha vinaachana. Kwa wengine haviachani vizuri. Kunabaki mrija mwembamba kama uzi, unaotoka kwenye ngozi ukishuka ndani ya nyama. Mwingine unaishia njiani. Mwingine unafika kwenye mfupa. Mwingine, ule wa kuogopa, unapita kwenye pingili ambayo haikufunga na kugusa ugwe wenyewe, ile kamba ya neva iliyo ndani ya mfupa. Ndani ya mrija kuna nywele na taka za ngozi ambazo hazina pa kutokea. Nje unaona kitundu tu, au huoni kitu, na mwenye mbwa anakwambia ni kupe. Kisha usaha unaanza, na usaha nao una njia yake tayari, imeshachimbwa.

Uzi huo hauonekani, unahisiwa. Unashika ngozi ya juu ya shingo kwa kidole gumba na viwili vya mbele, unaiinua, unaiviringisha taratibu, unasogea nyuma mpaka mkiani. Ili vidole vyangu vijifunze, Dokta alinunua chapati kwa muuza roleksi wa hapo nje, zile chapati za kuviringishwa na mayai, akaingiza tambi moja iliyochemshwa kati ya chapati mbili, akanifunga macho kwa bandeji na kuniambia niitafute. Siku ya kwanza nilipata kitunguu. Baada ya muda nilikuwa naipata tambi haraka, hata akiikata fupi. Ubaya ni kwamba vidole vilizoea. Mwaka ule sikuweza kula chapati kabla ya kuipapasa, na muuza roleksi mmoja alikataa kuniuzia mbele za watu, akaniuliza kama nanunua chakula au nanunua kitambaa.

Magonjwa yote ya namna hiyo, uwe uzi wa ngozi tu au mfupa usiofunga, Dokta aliyaita mgongo wazi. Nilimwambia hilo ni jina la samaki. Akaniambia samaki haikununua hiyo jina.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Mbwa wetu wengi walikuwa wa mstari, wale ambao manyoya ya mgongoni yamegeukia mbele kama mtu amewachana akiwa amelewa. Wateja walikuja kwa ajili ya mstari. Waliupima kwa macho, waliusifu, walipiga nao picha. Na mstari ule na uzi ule ni ndugu wa tumbo moja, kinacholeta huu kinaleta na ule. Mtoto akizaliwa bila mstari, mgongo wake kwa kawaida ni salama kabisa, na huyo ndiye watu wanamtupa, eti ana kasoro. Mara ngapi nimesimama getini nikimweleza mtu mwenye gari refu kwamba anacholipia ndicho kinachoua mbwa wake, naye ananiuliza kama kuna mwenye mstari mrefu zaidi.

Nimeona mengine. Bwana mmoja alituletea kijibwa cha sura iliyobonyea na mkia uliojikunja kama skrubu, akajisifu kwamba kinaruka kama sungura kwa furaha. Haikuwa furaha. Picha ya eksirei ilionyesha pingili moja imeumbika kama kipepeo na nyingine kama kipande cha keki, na miguu ya nyuma ilikuwa haipati habari kutoka kichwani. Mwenye mbwa akauliza kama anaweza kubadilishiwa dukani. Nimemwona pia mtoto ambaye ngozi yake ilichanika kwa kukunwa tu, kama shati lililofuliwa miaka kumi. Dokta aliishona akiwa ameshika pumzi. Huyo alipata mwenye kumpenda, mama mmoja mshonaji, aliyemvalisha fulana za mtoto wake na hakuuliza mstari. Watu wa namna hiyo wapo. Siwasemi sana kwa sababu hawanikasirishi.

Kisha nikapata mimba, na hapo Kampala nzima ikawa daktari.

Jirani yetu Mama Brenda ndiye aliyeanza. Aliniona na tumbo, akajua nashika nini kazini, akatangaza pale bombani kwamba mwanamke mjamzito anayepapasa watoto wa mbwa wenye migongo mibovu atazaa mtoto mwenye mgongo wa mbwa. Aliongeza na mkia, bure, bila kuombwa. Mume wangu alikuwa Juba anaendesha lori, hakuwepo wa kumjibu. Nilimjibu mwenyewe. Nilimwambia yeye anauza mkaa na watoto wake ni weupe. Bomba zima lilicheka. Lakini maneno ya namna ile yana tabia ya uzi, yanaingia kwa kitundu kidogo na kushuka. Nilimeza vidonge vya kliniki vya wajawazito bila kuruka hata kimoja. Mchana nilikuwa mkali. Nikiwa peke yangu nilishika tumbo na kuwaza pingili.

Katika miezi hiyo jike letu Malkia alizaa, na kwenye shingo ya mtoto mmoja niliipata tambi. Nene, inashuka moja kwa moja, haina mwisho chini ya kidole. Nilimwita jina hilo hilo, Tambi. Kimani alitaka auzwe mapema kabla kitundu hakijafunguka. Nilimwambia auze, na mimi nitasimama getini na tumbo langu nimwambie mteja ukweli kwa sauti ya bombani. Alilijua tumbo na aliijua sauti. Akasema basi Dokta amkate akishakua kidogo, lakini akishindwa kupona, hakuna kumlea kilema bandani.

Tambi hakungoja kukua. Siku ya Alhamisi kitundu kilitoa usaha, akapata homa, shingo ikakakamaa, na alipotembea miguu ya nyuma ilikuwa inakwenda kushoto wakati yeye anakwenda mbele. Dokta alimwona, akampa sindano na dawa ya kumtuliza, na hakutania. "Kesho mchana tunaikata," aliniambia. "Ikifika kwa ugwe, mimi siwezi kitu. Kesho kutwa ni mbali."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na asubuhi ya Ijumaa ile nilikuwa na zamu yangu ya skani, ile wanayoangalia mgongo wa mtoto. Nilikuwa nimeingoja. Nilimlaza Tambi kwenye boksi lenye matundu ya hewa, juu ya gunia bichi, akalala fofofo kwa ile dawa. Juu ya boksi niliandika kwa kalamu nene: MGONGO WAZI, ISIGUSWE. Nikaliweka stoo, nikamwambia Okello boda ya Dokta itakuja kuchukua. Nikaenda kliniki nikijua nimepanga mambo vizuri.

Kilichotokea nyuma yangu niliunganisha baadaye. Dokta alimpigia Okello simu akamwambia boda inakuja kuchukua mgongo wazi, aipe haraka, yote, kabla haijaharibika. Okello akasikia amri. Alichukua gunia zima la mgongo wazi lililotoka Ggaba asubuhi ile, chakula cha mbwa wote, akalifunga kamba na kulipakia. Boda ikaenda Kalerwe na samaki. Baadaye ikaja boda ya Ijumaa, ya kumpelekea Mama, ikauliza mgongo wazi ya Nsambya iko wapi. Okello akaona samaki wameisha. Akatafuta. Akafika stoo, akakuta boksi limeandikwa mgongo wazi kwa herufi kubwa. Na msiniambie hakusoma lile neno jingine, alilisoma. Imeandikwa isiguswe, na yeye hakuigusa. Alimwita mtu wa boda aje kuibeba mwenyewe.

Mtu wa vitabu angesema mgongo wa samaki "umefika" na mtoto wa mbwa "amefika," na kila mmoja angejua nani anakwenda kwenye kisu gani. Sisi tulisema "imefika."

Mimi wakati huo nilikuwa nimelala kitandani tumbo limepakwa mafuta ya baridi, na mama wa skani, mtu mpole mwenye miwani, anasukuma kile kifaa chake polepole kama mtu anayepiga pasi hariri. Nilihesabu vigae vya dari. Kisha akasema, bila kugeuza kichwa, akiniita bibi kwa Kiganda, "Mgongo iko sawa, nnyabo. Imefunga yote, juu mpaka chini. Mgongo wazi hakuna."

Nililia, machozi yakaingia masikioni. Ndipo simu ikaita. Ilikuwa Dokta.

"Atim," alisema, "mgonjwa yako imekufa."

Nilikaa. Mama wa skani alinirudisha chini kwa mkono mmoja.

"Na imekufa zamani," Dokta akaendelea. "Mimi nimevaa glavu, nimeweka dripu, nimefungua gunia. Mgonjwa iko kumi na tano. Nyama yote mmeshatoa. Sasa unataka nishone nini?"

Sijamaliza kuelewa, simu ya pili ikaingia. Mama. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, na Mama akishusha sauti ujue mtu anahama nyumba. Aliniambia kitunguu kilikuwa kimeshaiva. Kisu alikuwa nacho mkononi. Alifungua boksi, na samaki akamtazama, akapiga chafya. "Mgongo wazi imefika," alisema. "Imekojoa jikoni kwangu. Imelamba sufuria yangu. Atim, wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia asiiguse, haraka nikasema hapana, aiguse, aishike vizuri, mgongo wazi yangu iko hai, namshukuru Mungu, nakuja. Mama wa skani alivua miwani. Akaniuliza kwa upole sana kama kuna mimba nyingine ambayo sijamwambia.

Nilikwenda nyumbani kwa mbio za mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, yaani mikono inakimbia, mengine yanafuata. Njiani nilijiandaa kukuta boksi nje kwenye jua, maana Mama na mate ya mbwa wana kesi ya muda mrefu na upande wake una dini nzima. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, amempakata Tambi aliyefungwa kwenye leso yake ya kujitanda, ile nzuri ya sikukuu, kitambaa cha maji juu ya kichwa cha mbwa. Hakunitazama.

"Huyu mtoto ana homa," alisema. "Na nyinyi mnamzungusha mjini kama barua."

Baba alikuwa ameshatoka nje kutafuta gari la kukodi. Alikuwa amevaa koti lake la zamani, na shingoni amening'iniza filimbi, ile ya kazini, ambayo Mama alidhani ameirudisha alipostaafu. Tulipanda, boksi juu ya magoti yangu, kwa sababu mapaja yalikuwa yamechukuliwa na tumbo. Tambi alikuwa anapumua kwa kuruka ruka. Nilimshika mguu wa nyuma nikambana kidole. Aliuvuta, lakini kwa uvivu, kama mtu anayejibu salamu ya mtu asiyempenda.

Mjini tulipita. Kalerwe tukakwama. Ijumaa mchana, malori ya matoke yamesimama kila upande, mikokoteni imejipenyeza katikati, kila mtu anapiga honi na hakuna anayemwambia mwenzake kitu kipya. Kliniki tuliiona paa lake, na hatukuweza kuifikia. Baba alishuka, akaenda katikati ya barabara, akapuliza filimbi.

Baba amestaafu miaka mingi. Hana mamlaka ya kusimamisha hata kuku. Lakini koti lilikuwa koti na mkono ulikuwa ule ule, na mabega ni yale yale yanayoziba mlango. Lori la kwanza lilisimama. Alilirudisha nyuma. Alisogeza mkokoteni wa vitunguu kwa kidole. Dereva mmoja alichungulia akamuuliza, "Afande, nani anapita?" na Baba akamjibu bila kugeuka, "Mgonjwa." Njia ikafunguka, tukapita taratibu, na wauza nyanya wakatazama ndani ya gari wamwone mheshimiwa. Waliniona mimi na boksi. Mmoja alivua kofia hata hivyo.

Operesheni siwezi kuieleza yote, mtoto ananyonya na sitaki asikie. Nilishika tochi. Dokta alikata kuzunguka kitundu, akaufuata uzi chini kidogo kidogo bila kuuvuta na bila kuukata. Shikeni hilo. Ukiuvuta unakatika, ukikatika kipande kinabaki na usaha unarudi, na taka zikimwagika ndani umejitengenezea tatizo jipya. Aliufuata mpaka kwenye mfupa. Pale palikuwa na nafasi ambayo haikufaa kuwepo, na uzi ukaingia. Alisimama. Jasho lilimtoka, nikamfuta kwa kiwiko. Alisema kitu kwa Kiganda ambacho hakikuwa cha masikio yangu. Akaendelea kwa mkasi mdogo kuliko wa kucha, na uzi ukatoka mzima, mrefu kama kidole changu cha kati. Aliuweka kwenye sahani. Ulikuwa tambi kabisa. Sikula tambi mpaka nilipojifungua.

Kisha ikabaki kungoja aamke tuone kama miguu ipo. Alishona, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Baba alisimama mlangoni, kwa hiyo hakuna aliyeingia wala kutoka. Tambi akafungua jicho moja. Dokta akambana kidole cha mguu wa nyuma wa kushoto. Kimya. Akabana wa kulia. Kimya. Nilijisikia yale maneno ya bombani yakishuka tena ndani yangu, na nilikuwa nimeambiwa asubuhi ile ile kwamba mwanangu yuko sawa, lakini moyo hausomi skani. Dokta akabana tena wa kushoto, kwa nguvu. Tambi aliuvuta mguu, akageuza kichwa, akamng'ata.

Dokta alitazama kidole chake muda mrefu, akiwa ameridhika.

"Kale," alisema, yaani sawa kwa Kiganda. "Mguu iko, meno iko. Peleka nyumbani."

Gunia la samaki lilikuwa bado kwenye kona. Baba aliuliza ni la nani. Tukampa mwanamke mmoja wa sokoni atukaangie, na tukala hapo hapo kliniki, mimi, Baba na Dokta mwenye bandeji. Huko bandani mbwa walikula posho tupu, na Okello aliripoti kwamba amri imetekelezwa. Baba hadi leo akisimulia husema siku ile tulikuwa na wagonjwa wawili. Wa kwanza tulimla, wa pili akapona.

Kidonda kilitaka mahali safi, kwa hiyo Tambi aliuguzwa Nsambya. Mama aliosha sufuria mara saba, mara moja kwa udongo, na akaweka sheria: mbwa akae upande ule wa mlango. Upande ule wa mlango baada ya wiki ulikuwa na mkeka, bakuli na ile leso ya sikukuu. Tambi hakurudi bandani. Miguu ya nyuma bado inakwenda kushoto kidogo akikimbia, lakini sikio halimkosi mtu. Jirani mmoja alimuuliza Baba kama mbwa huyu anafaa kwa ulinzi, Baba akamjibu kwa fahari, "Mbwa huyu halali."

Mama akatokeza dirishani. "Nani amekwambia ni halali?"

"Nasema halali. Usiku hafumbi jicho."

"Sema hasinzii, basi. Watu wanasikia."

Lakini watu walikuwa wameshasikia, na mpaka leo anaitwa hivyo, mbwa halali wa Afande.

Banda lilifungwa nikiwa nangoja kujifungua. Kimani alituita akatuambia dunia imebadilika, kamera haili, haiumwi na haina mgongo. Ni kweli haina mgongo, na nimekutana na wengi wa namna hiyo ambao si kamera. Okello alikwenda kupikia shule moja. Nawaombea watoto wale.

Mengine mtajifunza kwa vidole. Msipake oili. Msibinye kitundu. Msivute kishungi cha nywele, hata kama kinawaita. Jike aliyezaa mtoto mwenye uzi na dume aliyemzalisha msiwarudishe pamoja, hata mteja akilia. Na kila mtoto anayezaliwa, mwenye mstari na asiye na mstari, mpapaseni siku za kwanza, wote, si yule mnayemshuku tu.

Mimi nilifanya hivyo. Mwanangu alizaliwa asubuhi, akalia kama honi ya lori la matoke, mkunga akamfuta na kuniwekea kifuani. Vidole vyangu havikuniuliza. Gumba na viwili vya mbele, vikaanzia shingoni, vikainua ngozi kidogo, vikaviringisha, vikasogea. Mkunga alinitazama mpaka akashindwa kuvumilia. "Nnyabo, unatafuta nini?"

"Tambi," nilimwambia.

Akanipiga begani kwa huruma, akasema uchungu unaleta njaa sana, chakula kinakuja.

Sikusimama. Mkianza shingoni msisimame njiani, ndivyo Dokta alivyonifundisha, lazima mwishie mkiani. Mkia hakuna. Nilihakikisha na hilo, kwa ajili ya Mama Brenda.